Kodi, Kura na Mipaka ya Mji: Sekondari za Umma katika Miji Midogo ya Marekani

Shule ya sekondari ya umma nchini Marekani, yaani shule inayowapokea bila ada vijana wa miaka 14 hadi 18 katika madarasa ya tisa mpaka ya kumi na mbili, haikuzaliwa kwa amri ya serikali kuu wala kwa mpango wowote wa taifa zima. Katiba ya nchi hiyo haitaji elimu hata mahali pamoja, na kwa hiyo mamlaka juu ya shule yalibaki mikononi mwa majimbo, ambayo nayo yaliyakasimu kwa vyombo vidogo vinavyojulikana kama wilaya za shule. Wilaya ya aina hii haifanani na wilaya ya kiutawala ya Tanzania, yenye mkuu aliyeteuliwa na Rais. Ni eneo lililowekewa mipaka kwa ajili ya shule peke yake, likiongozwa kwa kawaida na bodi ambayo wakazi huichagua wenyewe, na linaendeshwa kwa kiasi kikubwa na kodi ya ardhi na majengo wanayotozwa wakazi hao hao. Katika majiji kama New York na Chicago uhusiano huo ulimezwa mapema na urasimu, lakini katika mji wa watu elfu moja au mbili kila mlipa kodi alimjua mwalimu aliyelipwa kwa fedha yake, na alimjua pia mtoto aliyefundishwa. Ndiyo maana historia ya sekondari hizi ni historia ya swali moja lililorudi katika kila kizazi kwa sura mpya: mji unapokubali kumlipia kijana elimu ambayo wazazi wake hawakuipata, ni kijana wa nani hasa anayehesabiwa kuwa wa mji huo?

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 elimu iliyozidi ile ya msingi ilikuwa mali ya wachache. Boston ilikuwa na shule yake ya Kilatini tangu mwaka 1635, na kwingineko watu walitegemea akademia, yaani shule za binafsi zilizopewa hati na jimbo lakini zikaendeshwa kwa ada, kama ile ya Phillips iliyofunguliwa Andover mwaka 1778. Sheria ya ardhi ya mwaka 1785, iliyopima maeneo ya magharibi katika miraba ya maili sita kwa sita na kuugawa kila mraba katika vipande 36, ilitenga kipande cha 16 kwa ajili ya shule, ila mapato yake, pale yalipopatikana, yalisaidia shule za msingi zaidi kuliko shule nyingine yoyote. Sekondari ya kwanza ya umma ilifunguliwa Boston mwaka 1821 kwa wavulana waliokusudia kuingia katika biashara na ufundi badala ya chuo kikuu, na mwaka 1827 jimbo la Massachusetts likapitisha sheria iliyoutaka kila mji wenye familia 500 au zaidi uwe na shule ya kufundisha historia ya Marekani, aljebra, jiometri, upimaji wa ardhi na utunzaji wa vitabu vya hesabu. Miji mingi iliipuuza sheria hiyo kwa miongo kadhaa, kwa kuwa waliotakiwa kuigharimia ndio hao hao waliokuwa na kura ya kuikataa.

Hakuna mahali ambapo ukataaji huo umeacha kumbukumbu iliyo wazi kama Beverly, mji wa pwani ya Massachusetts uliokuwa na wakazi wapatao 6,000, wengi wao wakiwa mabaharia, wavuvi, wakulima na mafundi viatu. Sekondari yake ilifunguliwa mwaka 1858, na ilikuwa na umri wa miaka miwili tu pale mkutano mkuu wa mji, yaani kikao ambacho wanaume wenye haki ya kupiga kura waliamua mambo yao ana kwa ana, ulipoifunga tarehe 14 Machi 1860 kwa kura 249 dhidi ya 143. Jina la kila mpiga kura liliandikwa pamoja na upande aliouchagua, na orodha hiyo ikamwezesha mwanahistoria Michael Katz, zaidi ya miaka mia moja baadaye, kumfuatilia kila mmoja wao hadi kwenye kazi yake, mali yake na watoto wake. Alichokiona ni kwamba wafanyabiashara na wasomi wa mji waliitetea shule, huku mafundi viatu, wavuvi na wakulima wakiipinga kwa wingi. Siku zile zile mgomo mkubwa wa mafundi viatu, ulioanzia mji jirani wa Lynn mwezi Februari, ulikuwa umeenea katika eneo lote, na Katz alihoji kwamba fundi aliyeona ujira wake ukishuka na kazi yake ikihamishiwa viwandani hakuwa na sababu ya kulipia shule ambayo mwanawe, aliyehitajika kufanya kazi akiwa na miaka 14, asingeingia kamwe.

Mwanahistoria mwingine, Maris Vinovskis, aliyarudia mahesabu hayo na kusema kwamba tofauti za tabaka zilitiwa chumvi, kwa kuwa kilichowagawa watu kilikuwa pia uzito wa kodi na sehemu ya mji waliyoishi, kwani wakazi wa pembezoni hawakutaka kulipia shule iliyojengwa katikati. Pengine wote wawili walikuwa wakieleza jambo moja kutoka pande mbili, maana katika mji kama ule maskini na wa pembezoni mara nyingi walikuwa watu wale wale. Hata hivyo sheria ya jimbo ilikuwa imesimama, na baadaye Beverly ililazimika kuwa na sekondari tena.

Kule Michigan ubishi huo ulifika mahakamani. Mwaka 1873 baadhi ya walipa kodi wa Kalamazoo, wakiongozwa na Charles Stuart aliyewahi kuwa seneta, walidai kwamba bodi ya shule haikuwa na haki ya kuwatoza fedha za kufundishia vijana wachache lugha za kigeni, na kwamba kodi ya wote iliishia kwenye elimu ya msingi kwa Kiingereza. Mwaka 1874 Jaji Thomas Cooley wa Mahakama ya Juu ya Michigan aliwakatalia, akionyesha kuwa jimbo lilikuwa na chuo kikuu cha umma na shule za msingi za umma, na kwamba lingekuwa jambo la ajabu sheria ikiacha pengo katikati kwa wale wasioweza kulipa ada. Mahakama za majimbo mengine ziliufuata uamuzi huo kama kielelezo, na tangu hapo hoja ya uhalali wa kodi ya sekondari ikawa dhaifu. Mahakama, hata hivyo, ilikuwa imetoa ruhusa tu. Fedha ilibaki kwa wenyeji.

Na wenyeji walitoa. Mwaka 1910 ni takriban asilimia 9 tu ya vijana wa Marekani waliomaliza sekondari. Kufikia mwaka 1940 waliomaliza walikuwa zaidi ya nusu. Badiliko hilo, ambalo wanauchumi Claudia Goldin na Lawrence Katz walilichunguza kwa miaka mingi, halikuongozwa na majiji yenye viwanda, bali na miji midogo ya nyanda za kati na magharibi: Iowa, Nebraska, Kansas na majirani zao. Sehemu ya ushahidi wao ilitokana na sensa ya jimbo la Iowa ya mwaka 1915, sensa ya kwanza nchini humo kumuuliza kila mtu amesoma miaka mingapi na wapi. Walipolinganisha majimbo na miji walikuta kwamba sekondari zilistawi pale ambapo mali iligawanyika bila tofauti kubwa, ambapo watu walifanana kwa asili na dini, ambapo wazee walikuwa wengi na hawakuhama, na ambapo viwanda vilikuwa vichache, kwa sababu kiwanda kilimwahidi kijana wa miaka 15 ujira leo, wakati shule ilimwahidi ujira wa kesho. Mzee asiye na mtoto shuleni alikubali kulipa kwa kuwa na yeye alikuwa amelipiwa, au kwa kuwa shamba lake lingepata bei nzuri zaidi likiwa karibu na mji wenye sekondari. Inafaa kuliangalia sharti la kufanana kwa jicho la tahadhari, maana ukarimu uliotegemea watu kufanana ulikuwa na mpaka wake tangu mwanzo.

Watoto wa mashambani walikuwa na tatizo lao. Wilaya nyingi za vijijini zilikuwa na shule ya chumba kimoja tu, ambamo mwalimu mmoja alifundisha madarasa manane, na zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Majimbo mengi yalitatua jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sheria zilizoitaka wilaya isiyo na sekondari imlipie mtoto wake ada katika wilaya jirani iliyo nayo, na hivyo mtoto wa mkulima aliweza kwenda mjini kwa farasi, baadaye kwa gari, au kupanga chumba kwa familia ya mjini na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Jengo alilolikuta huko mara nyingi lilikuwa la matofali, la ghorofa mbili au tatu, kubwa kuliko jengo lolote la mji isipokuwa ghala la nafaka na mahakama ya kaunti. Ndani yake walikuwamo walimu wachache, wengi wao wanawake vijana ambao katika wilaya nyingi walilazimika kuacha kazi mara walipoolewa.

Masomo yenyewe yalivutwa pande mbili. Kamati ya Watu Kumi, iliyoongozwa na Charles Eliot wa Chuo Kikuu cha Harvard na kutoa ripoti yake mwaka 1893, ilipendekeza kwamba wanafunzi wote wafundishwe kila somo kwa namna moja, wawe wanakwenda chuo kikuu au wanakwenda shambani, na kwa muda mrefu hata sekondari ya walimu watatu ilijikaza kufundisha Kilatini. Upande mwingine ulivutwa na sheria ya serikali kuu ya mwaka 1917, iitwayo Smith-Hughes, iliyotoa ruzuku ya kufundisha kilimo, ufundi na maarifa ya nyumbani. Kutokana na masomo hayo ya kilimo kilizaliwa mwaka 1928, katika Kansas City, chama cha wakulima wa baadaye wa Marekani, ambacho koti lake la koduroi la buluu, lililobuniwa Fredericktown, Ohio, na kukubaliwa rasmi mwaka 1933, lilikuja kuwa vazi la heshima kwa kijana wa kijijini, likiwa na jina la jimbo na la tawi lake mgongoni na jina lake mwenyewe kifuani. Vijana weusi wa kusini walikuwa na chama chao tofauti, na vyama hivyo viwili havikuunganishwa hadi mwaka 1965.

Lakini kilichowakusanya watu wazima katika jengo la shule usiku wa Ijumaa hakikuwa Kilatini wala kilimo. Mpira wa kikapu, uliobuniwa na James Naismith huko Springfield, Massachusetts, mwaka 1891, uliifaa sana sekondari ndogo, kwani ulihitaji vijana watano tu na ukumbi wenye joto wakati wa baridi, msimu ambao mkulima alikuwa na nafasi. Pale ambapo wavulana hawakutosha kwa mpira wa miguu wa Kimarekani, mchezo wenyewe ulipunguzwa: mwaka 1934 mwalimu Stephen Epler wa Chester, Nebraska, alitunga kanuni za mchezo wa wachezaji sita kila upande badala ya 11, na shule nyingi za nyanda za kati zinaucheza mpaka leo. Katika Indiana shindano la mpira wa kikapu la jimbo halikuzitenganisha shule kwa ukubwa, na mwaka 1954 kati ya shule 751 zilizoshiriki iliyotwaa ubingwa ni Milan, yenye wanafunzi 161. Katika fainali dhidi ya Muncie Central, shule iliyoizidi kwa idadi ya wanafunzi karibu mara kumi, Bobby Plump aliushika mpira kwa zaidi ya dakika nne bila kuucheza, kisha katika sekunde za mwisho akautia kikapuni, na matokeo yakawa 32 kwa 30. Siku iliyofuata umati uliokadiriwa kuwa watu 40,000 uliujaza mji wa watu wapatao elfu moja.

Ushindi huo umesimuliwa mara nyingi, hata ukazaa filamu, kiasi kwamba jambo moja husahaulika. Katika njia yake kuelekea ubingwa Milan iliifunga Crispus Attucks, sekondari ya watu weusi ya Indianapolis, na mwaka uliofuata Attucks yenyewe ilitwaa ubingwa, ikiwa na Oscar Robertson uwanjani. Mabingwa walizoea kusherehekewa katikati ya jiji. Msafara wa Attucks ulipitishwa hapo kwa haraka na kupelekwa kwenye bustani ya mtaa wa weusi.

Kusini mwa nchi mpaka huo wa rangi haukuhitaji kufichwa. Mwaka 1897 bodi ya shule ya Augusta, Georgia, iliifunga sekondari pekee ya umma ya weusi kwa madai kwamba fedha zilihitajika kwa shule zao za msingi, huku ikiendelea kuwagharimia wazungu sekondari, na mwaka 1899 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaona hapakuwa na kosa. Augusta haukuwa mji mdogo, lakini kanuni iliyothibitishwa hapo iliinufaisha kila bodi ya mashambani: mweusi angelipa kodi, na bodi aliyozuiwa kuipigia kura ingeamua itumikeje. Kaunti nyingi zilikaa miongo kadhaa bila sekondari hata moja ya watoto weusi, na pale zilipopatikana, mara nyingi wazazi walikuwa wamechangia ardhi, mbao na nguvu zao juu ya kodi waliyokwisha kutoa, kama walivyofanya pia kwa maelfu ya shule zilizojengwa kwa msaada wa mfanyabiashara Julius Rosenwald kabla ya mwaka 1932.

Kisa cha Farmville, makao makuu ya Kaunti ya Prince Edward katika Virginia, kinastahili kuelezwa kwa kirefu. Sekondari ya weusi, iliyopewa jina la Robert Moton, ilijengwa mwaka 1939 kwa ajili ya wanafunzi 180, bila ukumbi wa michezo, bila chumba cha kulia na bila maabara ya maana. Kufikia mwaka 1951 wanafunzi walizidi 450, na jibu la bodi lilikuwa kujenga vibanda vya mbao vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami, ambavyo mvua ikinyesha vilivuja na wakati wa baridi vilipashwa moto kwa majiko, hivi kwamba waliokaa karibu na jiko walitoka jasho na waliokaa mbali walivaa makoti. Watu waliviita mabanda ya kuku. Wazazi waliomba shule mpya mara kwa mara, na mara kwa mara waliambiwa wasubiri.

Asubuhi ya tarehe 23 Aprili 1951 mkuu wa shule alipigiwa simu kuambiwa kwamba baadhi ya wanafunzi wake walikuwa wamepata matatizo kwenye kituo cha mabasi mjini. Taarifa hiyo ilikuwa ya uongo, na alipoondoka karatasi fupi zilipelekwa madarasani zikiwaita wote kwenye ukumbi. Pazia lilipofunguliwa, aliyesimama jukwaani hakuwa mkuu wa shule bali Barbara Johns, msichana wa miaka 16, ambaye aliwaomba walimu watoke na kuwaeleza wenzake kwamba hawatarudi darasani mpaka wapate shule ya kweli. Wanafunzi walitoka wote. Mawakili Oliver Hill na Spottswood Robinson walipokuja kutoka Richmond walikubali kuwasaidia kwa sharti moja, kwamba wasidai jengo jipya tu, bali waupinge utaratibu mzima wa kutenganisha shule kwa rangi; nao wazazi, wakiungwa mkono na mchungaji Francis Griffin, waliridhia. Kesi ilifunguliwa mwezi uliofuata kwa niaba ya wanafunzi 117, na ikawa mojawapo ya kesi tano ambazo Mahakama ya Juu iliziamua pamoja tarehe 17 Mei 1954 kwa jina la Brown, ikitamka kwamba utenganishaji wa shule ulikiuka Katiba. Kati ya hizo tano, hii ndiyo iliyoanzishwa na mgomo wa wanafunzi wenyewe. Barbara Johns, kwa kuhofiwa usalama wake, alikwisha kupelekwa kwa mjomba wake huko Montgomery, Alabama.

Kilichofuata kilionyesha jinsi mamlaka ya mji mdogo juu ya kodi yanavyoweza kugeuzwa kuwa silaha. Mwaka 1959, mahakama zilipoiamuru kaunti iwachanganye wanafunzi, viongozi wake waliamua kutotoza kodi ya shule kabisa, na shule zote za umma za Prince Edward, za weusi kwa za wazungu, zikafungwa kwa miaka mitano. Watoto wa kizungu walifunguliwa shule ya binafsi iliyosaidiwa kwa muda na ruzuku za jimbo na misamaha ya kodi. Watoto weusi wapatao 1,700 hawakuwa na pa kwenda; baadhi walipelekwa kwa jamaa katika kaunti nyingine au majimbo ya kaskazini, baadhi walifundishwa katika vyumba vya chini vya makanisa, na wengine hawakurudi shuleni tena maishani. Mwaka 1963 shule za muda zilifunguliwa kwa fedha za michango, serikali ya Rais Kennedy ikiwa imezihimiza, na mwaka 1964 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kaunti haiwezi kuzifunga shule zake za umma ili kukwepa Katiba, na kwamba inaweza kuamriwa kutoza kodi. Huo ulikuwa mwisho wa fikra kwamba kodi ya shule ni hiari ya wenyeji peke yao, ingawa shule zilizofunguliwa tena zilibaki kwa miaka mingi na wanafunzi weusi karibu watupu. Kwingineko kusini utekelezaji wa uamuzi wa 1954 ulipokuja hatimaye, shule iliyofungwa kwa kawaida ilikuwa ile ya weusi, na mkuu wake ama alishushwa cheo ama alipoteza kazi. Hasara hiyo haijapewa uzito unaostahili.

Katika Crystal City, mji wa Texas ulioishi kwa kilimo cha mchicha, wengi ndio waliotengwa. Zaidi ya watu wanane kati ya kumi walikuwa na asili ya Meksiko, lakini bodi ya shule ilitawaliwa na wazungu, na kati ya wasichana wanne walioongoza ushangiliaji kwenye mechi mmoja tu aliruhusiwa kuwa wa asili hiyo. Mwaka 1969 chama cha wahitimu wa zamani kilitaka msichana anayegombea umalkia wa sherehe za shule awe na angalau mzazi mmoja aliyehitimu hapo hapo, sharti lililowaondoa karibu wote ambao wazazi wao walikuwa wakihama kila mwaka kufuata mavuno ya kaskazini. Wanafunzi, akiwemo Severita Lara, waligoma mwezi Desemba, wakidai pia walimu wa asili yao na haki ya kuzungumza Kihispania bila kuadhibiwa, na Januari 1970 bodi ilikubali madai mengi. Aprili mwaka huo chama kipya cha La Raza Unida, kilichoongozwa na José Ángel Gutiérrez, mzaliwa wa mji huo, kilishinda viti na kuishika bodi yenyewe. Asiyejua siasa za mji mdogo wa Marekani anaweza kushangaa kwamba yote hayo yalianza na ushangiliaji wa mpira. Aliyeufuata mkondo wa historia hii hadi hapa hatashangaa.

Swali lile lile la nani anayehesabiwa kuwa wa mji lilifika Lewiston, mji wa viwanda vya nguo vilivyokufa katika jimbo la Maine, pale Wasomali walipoanza kuhamia huko mwaka 2001, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya. Mwaka 2002 meya aliwaandikia wazee wao barua ya wazi akiwataka wapunguze kasi ya kuja, kwa maelezo kwamba uwezo wa mji ulikuwa umefikia kikomo. Mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari ya Lewiston, ambayo wachezaji wake wengi walizaliwa au kulelewa katika kambi hizo, iliifunga Scarborough bao 1 kwa 0 na kutwaa ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza. Ni rahisi kulikuza tukio hilo kupita kiasi. Lililo la hakika ni kwamba lilitokea katika uwanja ule ule ambamo miji ya Marekani imezoea kuamua ni nani wa kumshangilia.

Wako pia waliokataa kuhesabiwa. Waamishi, madhehebu ya Kikristo yanayojitenga na maisha ya kisasa, waliwapeleka watoto wao shule hadi darasa la nane, wakaona sekondari ni mlango wa kupotelea duniani. Katika New Glarus, Wisconsin, baba watatu walitozwa faini ya dola 5 kila mmoja kwa kutowapeleka watoto wao, na mwaka 1972, katika kesi inayobeba jina la mmoja wao, Jonas Yoder, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba uhuru wa dini ulizidi nguvu ya sheria ya elimu ya lazima.

Wakati mabishano haya yote yakiendelea, idadi ya wilaya za shule zenyewe ilikuwa ikiporomoka kwa kuunganishwa. Wataalamu wa elimu, akiwemo Ellwood Cubberley aliyeandika juu ya shule za vijijini mwaka 1914, waliziona wilaya ndogo kuwa ubadhirifu unaoendeshwa na wakulima wasiojua elimu, na barabara za lami na basi la shule vilizipa nguvu hoja zao. Mwaka 1932 Marekani ilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 127,000. Miaka 40 baadaye zilikuwa zimebaki takriban 17,000. Mwaka 1959, nchi ikiwa bado na hofu iliyoletwa na setilaiti ya Kisovieti ya 1957, James Conant, aliyewahi kuwa rais wa Harvard, alitangaza kwamba sekondari isiyohitimisha angalau wanafunzi 100 kwa mwaka haiwezi kumudu walimu wa fizikia, hisabati ya juu na lugha. Kwa kipimo hicho, Milan ya mwaka 1954 isingestahili kuwapo.

Hoja ya Conant haikuwa ya kipuuzi. Mwalimu mmoja aliyefundisha kemia, Kiingereza na mazoezi ya viungo hakuweza kuyamudu yote sawasawa. Hata hivyo Roger Barker na Paul Gump wa Chuo Kikuu cha Kansas, waliochapisha utafiti wao juu ya shule za jimbo hilo mwaka 1964, walionyesha upande ambao Conant hakuupima: katika shule ndogo kila mwanafunzi alihitajika, kwani bila yeye kwaya haikukamilika na timu haikutosha, na hata aliyekuwa dhaifu darasani alijiona ana wajibu, wakati katika shule kubwa wengi walibaki watazamaji. Wenye mamlaka walimsikiliza zaidi Conant.

Miji ilipinga kwa nguvu kuunganishwa kwa shule, na si kwa mapenzi ya michezo peke yake, maana sekondari ilikuwa mwajiri mkubwa, mteja wa duka na sababu ya familia changa kubaki. Pale miji miwili ilipolazimishwa kuungana, kikao cha kuchagua rangi na jina la timu ya shule mpya kingeweza kuwa kikali kuliko kile cha bajeti, na si mara chache jengo lilisimamishwa katikati ya mashamba, maili kadhaa kutoka kila mji, ili pasiwepo aliyeshinda.

Mfano wa mwisho unatoka Arkansas. Lake View, kijiji cha bonde la Mississippi, kilianzishwa wakati wa mpango wa Rais Franklin Roosevelt wa kufufua uchumi, kwa kuwapa wakulima weusi makazi na ardhi. Ardhi hiyo, ambayo thamani yake ndiyo iliyopimiwa kodi, haikuweza kuizalishia shule fedha za kutosha, na mwaka 1992 wilaya yake iliishtaki serikali ya jimbo kwa kuzinyima wilaya maskini haki sawa. Kesi ilipanda na kushuka kwa miaka kumi mpaka Novemba 2002, Mahakama ya Juu ya Arkansas ilipoamua kwamba mfumo mzima wa kugharimia shule ulikuwa kinyume cha katiba ya jimbo. Bunge lililazimika kuongeza kodi na kutafuta mabilioni ya dola kwa ajili ya mishahara na majengo, lakini Gavana Mike Huckabee alishikilia kwamba fedha mpya hazistahili kupotezwa kwenye wilaya ndogo mno, na mwaka 2004 ikapitishwa Sheria namba 60, iliyoitaka kila wilaya yenye wanafunzi chini ya 350 iunganishwe na nyingine. Lake View haikufikia idadi hiyo. Iliingizwa katika wilaya jirani ya Barton-Lexa mwezi Julai 2004, na wakati mahakama ilipotangaza mwaka 2007 kwamba jimbo limetimiza wajibu wake na kulifunga jalada, wilaya iliyoifungua kesi ilikuwa haina tena bodi, wala mipaka, wala wanafunzi wa kunufaika na hukumu hiyo kwa jina lake.